Mwaka Tulioiacha Njia ya Bondeni

Kutoka kwetu hadi shule ya misheni nilijua njia moja tu, nayo ilipita bondeni. Ulitoka uani, ukateremka kando ya shamba la ulezi, ukavuka kijito juu ya gogo, ukapita kati ya vinyungu, yaani zile bustani za bondeni ambako mama zetu walilima mahindi na maharage wakati wa kiangazi, kisha ukapanda taratibu mpaka ukaisikia kengele. Tulitembea peku. Nyayo zangu zilijua mahali ambapo udongo ulikuwa baridi kama maji ya mtungini, na mahali penye mzizi wa kujikwaa. Hata ukungu ulipokuwa mzito kiasi cha kutouona mkono wako, mimi nilifika.

Kwetu ni upande wa Njombe ukitokea Makambako, karibu na pale ambapo nchi ya juu, yenye baridi, inaanza kuporomoka kuelekea nchi ya joto. Zilikuwa zama za Mwingereza. Malori yalipita kwenye barabara kuu na kusimama Makambako, lakini sisi tuliokaa mbali na barabara tulikwenda kila mahali kwa miguu, na mtu aliyekwenda kwa miguu mwaka ule alikwenda na roho yake mkononi. Simba walikuwa wamepanda kutoka nchi ya joto, na walikuwa wakila watu.

Kwanza tuliwasikia kwa habari tu, kijiji kile, mara kijiji kingine. Kisha wakafika kwetu. Jirani yetu, mama mmoja aliyenifundisha kusuka vikapu, alikwenda kwenye kinyungu chake mchana, jua likiwaka, akiwa amemwambia mumewe kwamba anarudi sasa hivi. Hakurudi. Jembe lake lilikutwa limechomekwa udongoni, limesimama wima, kama la mtu aliyekwenda kunywa maji kidogo. Wanaume waliofuata alama kwenye majani walirudi wakiwa wamebeba kitambaa chake cha kichwani, na hawakutaka kusema wamekiona wapi.

Siku iliyofuata jumbe aliifunga njia ya bondeni kwa matawi ya miiba. Akaamuru watu wote wapite mgongoni, juu kabisa ya kilima, ambako majani ni mafupi na macho yanafika mbali. Hakuna kutembea peke yako. Hakuna kutoka kabla ukungu haujaanza kupasuka. Kila nyumba ilitakiwa itoe mtu wa kusindikiza au itoe mkuki. Wanaume walitangulia na wengine wakafuata nyuma, wanawake na watoto tukawekwa katikati, na njia nzima mtu mmoja aligonga debe. Aliyejitolea kutangulia kila siku, bila zamu, ni mume wa yule mama aliyeliwa. Hakuwa mtu wa maneno tangu zamani. Sasa aliacha kusema kabisa. Mkuki alioushika ulikuwa wa baba yangu, kwa kuwa baba alitoa mkuki na si mwili wake. Jambo hilo lilinitia aibu kidogo.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne, mrefu kuliko wenzangu, na niliogopa kuliko wote. Njia ya mgongoni ilikuwa ndefu mno na yenye upepo. Miguu yangu haikuijua. Kila kichuguu nilikiona kimeinama, na kila upepo ulipolaza majani nilidhani kuna kinachopita chini yake. Nilimshika kanga mwanamke aliyekuwa mbele yangu, naye hakunifukuza, maana na yeye alikuwa amemshika mwenzake.

Lakini hofu ya simba haikuwa peke yake. Watu wazima walikuwa wakisema, kwa sauti ya chini, kwamba wanyama wale hawakuwa wa porini. Walikuwa na wenyewe. Kuna mtu aliyewatuma, na mtu huyo anakula nawe, anasali nawe, anakuamkia asubuhi. Neno simba lenyewe halikutamkwa, walisema "yule". Mwalimu wa dini alihubiri dhidi ya maneno hayo kanisani, na watu walewale waliomwitikia amina walitoka nje wakasimama wawili wawili wakiyaendeleza. Ilifika mahali nikawa nawaangalia mikono watu waliokuja kwetu kuomba moto.

Asubuhi moja ukungu ulipasuka mapema kuliko kawaida. Tulikuwa tumefika mahali ambapo kilima kinapinda, nikageuka kutazama nyuma, nikaona nyumba ambayo sikuitambua. Ilikuwa ndogo, imezungukwa na ua wa mianzi, na nyuma yake kulikuwa na upenyo mwembamba katika ua, na kutoka kwenye upenyo ule ilitoka njia nyembamba kuelekea bondeni. Nilijiuliza ni kwa nani. Kisha nikamwona mama anatoka jikoni na kumwaga maji. Ilikuwa ni kwetu. Maisha yangu yote nilikuwa nimeiona nyumba yetu kutoka mbele, nikitoka na kuingia. Sikuwahi kuiona kutoka juu na kwa nyuma. Upenyo ule sikuujua. Ndani ya ua mahali pale baba alikuwa amerundika kuni, na sikuwahi kufikiri kwamba nyuma ya kuni kunaweza kuwa na kitu.

Nikiwa bado natazama, mtu akatoka kwenye upenyo. Alivaa koti refu la jeshi, la rangi ya udongo, na bega lake moja lilikuwa juu kuliko jingine. Hapakuwa na koti lingine kama lile kwetu. Baba alirudi nalo vitani, hakulivua isipokuwa kanisani. Alikuwa na kikapu mkononi na panga kiunoni, basi. Akashika njia ya bondeni, ile iliyofungwa, akatembea bila kuharakisha na bila kugeuka, mpaka majani yakamfunika.

Ni mtu gani huenda kule bila mkuki, bila debe, peke yake, isipokuwa mtu asiye na cha kuogopa?

Nilimvuta kanga mwanamke wa mbele yangu, nikamwonyesha ndege upande wa pili wa kilima, nikasema sijui ni ndege gani. Alitazama, akasema ni mwewe tu. Nilichotaka ni asitazame kule kwingine.

Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu mbili, moja njiani na nyingine nyumbani, na ya nyumbani ndiyo ilikuwa kubwa. Kila ukungu uliporuhusu, nilitazama kwenye ile kona, na mara nyingi nilimwona. Jioni alirudi, akanawa mikono kwa muda mrefu, akakaa kwenye kigoda chake. Nilimsikia ananuka moshi ambao haukuwa moshi wa jiko letu. Siku moja alikuwa na mkwaruzo mrefu shingoni. Mama alipomuuliza ametoka wapi, alijibu kwamba alikwenda kuangalia ng'ombe, na mama akanyamaza, ilhali sote tulijua kwamba ng'ombe walikuwa zizini kutwa kwa amri ya jumbe. Alikuwa na desturi ya kunimegea viazi vyake kwa mkono. Nikaanza kusema nimeshiba. Aliniangalia, akakirudisha kiazi kwenye ungo.

Kisha mwanamume mmoja wa mlima wa pili akaliwa, na watu wakaitwa kwa jumbe. Mama alikwenda, akarudi amebadilika uso. Nilisikia habari kwa wenzangu shuleni: waliokwenda kuangalia bondeni walikuta, katikati ya alama za yule, alama za mguu wa mtu. Zinakwenda na kurudi. Mtu mzima, mwanamume. Watu walikuwa wamesema kwamba sasa kazi ni kumtafuta mwenye mguu.

Nilimkuta mama anachambua maharage. Nilimwambia kila kitu nilichokiona kutoka mgongoni. Nilitegemea atashtuka, au anipige kwa kusema uongo, na ningefurahi kupigwa. Hakufanya hivyo. Mikono yake iliendelea, lakini niliona anatupa maharage mazima kwenye rundo la mabovu.

"Umemwambia nani?" aliuliza.

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie."

Nikatoka nje nikasimama katikati ya ua, nikaona kwamba mama naye anajua, na kwamba nyumba nzima ninaijua kwa upande wa mbele tu.

Siku chache baadaye nilidai ninaumwa tumbo. Mama aliondoka na wanawake wenzake kwenda shambani chini ya ulinzi, na msafara wa shule ukaenda bila mimi. Nilijilaza nikimsikia baba anasogeza kuni moja moja. Aliponyamaza nilihesabu pumzi zangu, nikatoka, nikapita kwenye upenyo. Sijui hata leo kwa nini nilikwenda. Nadhani niliona afadhali kuona kwa macho yangu chochote kilichokuwako, kuliko kuendelea kula chakula kimoja na mtu nisiyemjua.

Njia yangu ya zamani ilikuwa imekuwa ya mtu mwingine. Majani yalikuwa yamefunga pande zote mbili na yalifika mabegani. Mahindi ya yule mama aliyeliwa yalikuwa yameanguka, yanaoza, na mahali jembe liliposimama palikuwa na tundu dogo lililojaa maji. Hakuna ndege aliyelia. Nilivuka gogo kwa mikono na magoti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata nilipokuwa mdogo. Upande wa pili niliona majani yamelala kuelekea kushoto, mahali ambapo miaka yote nilidhani pana mianzi tu. Nikaingia.

Nyuma ya mianzi kulikuwa na kibanda. Kilizungushiwa miiba mingi, tabaka juu ya tabaka, na baba alikuwa amepiga magoti mlangoni akifunga gogo kwa kamba. Ndani ya miiba ameketi mwanamke mwenye nywele nyeupe, anapepeta unga uliotoka kwenye kikapu chetu. Aliinua uso. Ulikuwa uso wa baba, bila ndevu.

Baba aligeuka na panga tayari limekwisha toka kiunoni. Aliponiona alilishusha polepole, na akakaa chini kama mtu aliyechoka ghafla.

Yule mwanamke ndiye aliyeanza kusema. Aliniamkia "kamwene", nami nikaitikia. Akasema kwa Kibena chake cha zamani, "Wewe ndiye ulikuwa unapita ukihesabu kwa sauti."

Kweli nilikuwa na mazoea hayo. Nilikariri hesabu za kuzidisha njiani ili nisichapwe.

"Nilikusikia kila asubuhi," akasema. "Ulipoacha kupita, nilijua yule amekula. Nilimuuliza baba yako kama ni wewe, kabla hajatua kikapu."

Alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, mkubwa wake. Habari zake baba alinieleza palepale, kwa maneno machache, huku akiendelea kufunga kamba. Aliolewa mbali. Watoto wa mumewe kwa mke mwingine walikufa kwa ugonjwa, mmoja baada ya mwingine, na watu wakasema ni yeye. Wakamfukuza. Aliporudi kwao, wazee wa ukoo walimkataza baba kumwingiza ndani ya ua. Watoto wasimwone, jina lake lisitajwe. Baba hakumwingiza, lakini hakumwacha pia. Alimjengea pale, nikiwa bado mgongoni mwa mama, akawa anampelekea unga na chumvi. Miaka yote hiyo nilipita karibu naye asubuhi na alasiri, na sikujua.

Nilimuuliza baba kwa nini hakuja na mkuki.

"Mkuki uko na nyinyi kule juu," akasema. "Nilikuwa na mmoja tu."

Nilitamani kulia lakini palikuwa si mahali pa kulia. Shangazi alisema kwamba yule alikuwa amepita karibu na miiba jana, amekohoa, akaenda. Alisema hivyo kama anayezungumzia mvua. Baba alimaliza kufunga gogo, akanishika mkono, tukaanza kurudi.

Hatukufika kijitoni. Mahali penye tope, kabla ya gogo, niliona alama za miguu yangu zikija, vidole vimezama kwa sababu nilikuwa nikinyata. Na juu ya alama zangu, zimezikanyaga na kuzipasua kingo, kulikuwa na alama nyingine, pana kama sahani, maji bado yanachuruzika kuingia ndani yake. Zilikuja upande uleule niliokuja. Kisha zikaacha njia na kuingia majanini.

Baba alizitazama. Mkono wake ulikaza wangu hadi ukauma. Alijua kwamba nimeona. Tulisimama tukisikiliza. Sikusikia kitu isipokuwa maji.

"Turudi tukamchukue," alisema.

Shangazi hakutaka kutoka. Alisema watu ni wabaya kuliko yule. Baba alimwambia kwamba miiba haitoshi tena, na kamba haitoshi, na yeye hawezi kuja kila siku na akarudi mzima. Mwishowe akavua koti lake akamvika. Hatukupita njiani. Tulipanda moja kwa moja kwenye ubavu wa kilima, mimi mbele, shangazi katikati, baba nyuma akitembea kinyumenyume na panga mkononi. Shangazi alikuwa amekaa miaka mingi bila kupanda mlima; alipumua kama mvukuto. Kila aliposimama, majani ya chini yetu nayo yaliacha kutikisika, au ndivyo nilivyoona.

Tulitokea mgongoni ghafla, mbele ya watu. Siku hiyo kulikuwa na msafara wa kwenda Makambako kufuata chumvi na mafuta ya taa dukani, wanawake wamejitwika mizigo, wanaume wana mikuki. Debe likanyamaza. Walimwona mwanamume, msichana na bibi aliyevaa koti la jeshi wakitoka kwenye bonde lililofungwa, na mikuki yote ikalala kutuelekea.

Aliyetangulia alikuwa ni yule mume wa marehemu. Ncha ya mkuki wa baba ilikuwa kwenye kifua cha baba.

"Huyu ni nani?" aliuliza. Ndiyo sauti yake ya kwanza niliyoisikia tangu mkewe aondoke.

"Dada yangu," alisema baba. "Mnamjua. Amekuwa kule bondeni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea unga."

Nyuma mtu akasema, "Basi ule mguu ni wako."

"Ni wangu."

Mwanamke mmoja alitua mzigo wake chini, na nikaona mwingine anainama kama anayetafuta jiwe. Shangazi hakujificha nyuma ya baba. Alisimama amejikunyata ndani ya koti, mikono imefichika ndani ya mikono ya koti, anamtazama yule mume usoni. Nilidhani ndio mwisho wetu. Nilidhani nitawaona wote wawili wakiuawa kwa mkuki wa nyumbani kwetu, na kwamba nitarudi peke yangu kumwambia mama.

Yule mume alimtazama shangazi muda mrefu. Kisha akatazama bondeni, upande wa vinyungu. Akainua mkuki, akauegemeza begani.

"Wanawake wanakaa katikati," alisema.

Hakuna aliyesogea. Ikabidi arudie. Ndipo msafara ukafunguka kidogo, shangazi na mimi tukaingia, debe likaanza tena.

Tulitembea hivyo mpaka Makambako. Mbele yetu na nyuma yetu kulikuwa na nafasi, hakuna mwanamke aliyetaka kugusana na shangazi, na minong'ono haikuisha. Niliogopa njia nzima, sasa nikiogopa mawe kuliko majani. Nilimshika kanga yake iliyoning'inia chini ya koti. Alinuka moshi ule niliokuwa nimeuogopa.

Makambako baba alizungumza na dereva wa lori lililokuwa likielekea upande wa Mbeya, akapanda naye. Walikuwa wanakwenda Ilembula, ambako misheni ilikuwa na hospitali na watu wasiotujua. Shangazi alipandishwa kwa kusukumwa. Hakuwahi kugusa gari. Mimi nilirudi na msafara bila baba, na hakuna aliyenisemesha mpaka mlangoni kwetu.

Baba aliporudi, ulikuja wakati wa upweke. Msimu ule wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hakuna aliyekuja kunywa kwetu, na baba alikunywa peke yake au akauacha uchachuke. Lakini simba hawakuondoka kwa sababu shangazi ameondoka. Waliendelea kuua. Kwa baadhi ya watu hilo lilimaliza maneno, kwa wengine liliyahamisha tu kwenda nyumba nyingine. Baadaye serikali ilimtuma bwana nyama, afisa wa wanyama wa porini, na askari wake, wakakaa mahemani muda mrefu, na mmoja baada ya mwingine wanyama wale wakapigwa risasi. Tuliletewa mmoja tumwone. Alikuwa mkonde, na ameng'oka jino. Wazee wengine walimtazama wakasema huyu siye.

Miiba ya bondeni ilichomwa moto, njia ikafunguliwa. Wenzangu waliirudia siku hiyohiyo. Mimi niliendelea kupita mgongoni mpaka nilipomaliza shule, nikichelewa na kukemewa, na kila nilipofika kwenye ile kona nilisimama kutazama chini, ni nani anatoka na ni nani anaingia.

Wakati wa likizo baba alinipeleka Ilembula. Shangazi alikuwa akikaa na wanawake wengine waliofanya kazi jikoni. Tulimkuta ameketi nje, mbali na kila ukuta, kwenye uwazi mtupu uliopigwa na jua, anabambua njegere. Alisema hawezi kukaa ndani mchana. Ndani ameshakaa kutosha. Yeye na baba walizungumza habari za mama yao, na mahali fulani katika mazungumzo hayo baba alicheka hadi akashika mbavu. Sikuelewa kilichomchekesha. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo.

Tuliaga mapema. Baba hakupenda kupita kwenye majani marefu jua likianza kuinama, ingawa kila mtu alisema nchi imetulia. Alitangulia, nikamfuata kwa karibu, na hatukuzungumza mpaka tulipoiona barabara.